Fuata Maji: Mwongozo wa Kuendesha Baiskeli Mabondeni, Mbali na Magari

Mtu anayetaka kuendesha baiskeli kwenye lami nzuri, bila lori kumpulizia moshi mgongoni na bila mlima wa kumtoa roho, kwa kawaida huanza kwa kutafuta baiskeli. Mimi humshauri aanze na ramani, na kwenye ramani aanze na mto. Maji yamekuwa yakichonga mabonde kwa maelfu ya miaka, yakilainisha mteremko kidogo kidogo. Baadaye wakaja wajenzi wa mifereji, wa reli na wa matuta ya kuzuia mafuriko, wote wakapita palepale maji yalipopita. Njia nyingi tulivu tunazozifurahia leo ni mabaki ya kazi yao. Ukijua kuisoma kazi hiyo, utaziona njia hizi hata mahali pasipo na kibao cha kukuelekeza.

Hatua ya 1: Jiulize unataka utulivu wa kiasi gani

Njia isiyo na magari mengi ni ya namna nyingi. Iko iliyojengwa kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu peke yao. Iko njia ya huduma juu ya tuta au kando ya mfereji, ambapo gari la mkaguzi hupita mara mojamoja. Iko barabara nyembamba ya mashambani inayotumiwa na matrekta na watu wanaoishi hapo tu. Halafu iko barabara kuu ya zamani, ile iliyonyang'anywa magari yake siku barabara mpya ilipofunguliwa upande wa pili wa bonde.

Hii ya mwisho watu huidharau, nami naipenda sana. Ilijengwa kwa ajili ya malori, kwa hiyo lami yake ni pana, kona zake ni za taratibu na madaraja yake ni imara. Kasoro yake ni kwamba dereva mmojammoja anayeifahamu huipita kwa kasi kubwa, akiamini hakuna mtu. Kwa mtoto au mtu anayejifunza, baki kwenye aina mbili za kwanza.

Ukishaamua, kuwa mkali. Njia hupimwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote. Safari ya kilomita 40 yenye kilomita 2 za barabara kuu katikati itakukaa moyoni kwa sababu ya hizo 2, na mwenzako uliyemshawishi kuja hatarudi tena. Afadhali kilomita 25 zilizo safi mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Soma bonde kabla ya kusoma barabara

Fungua ramani yenye kontua, yaani ile mistari ya mwinuko tuliyochora shuleni. Usitazame barabara kwanza. Tazama mto.

Mto unaojipinda huku na huku kama nyoka unakuambia kwamba ardhi ni tambarare, kwa kuwa maji hayana haraka ya kwenda popote. Mto ulionyooka, kontua zikiwa zimebanana pande zote mbili, unakuambia kuna korongo. Mabonde mengi huwa makali karibu na chanzo cha mto, kisha hulegea kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo tafuta sehemu ya katikati na ya chini. Mfano unaofahamika sana ni mto Danube. Kutoka Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, hadi Vienna, ni safari ya baiskeli ya takriban kilomita 320, na katika umbali wote huo mto unashuka mita 130 hivi. Hiyo ni chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Ndiyo maana familia zenye watoto huimaliza.

Sasa tazama barabara, lakini kwa swali moja: inapita sakafuni mwa bonde au ubavuni? Tofauti ni kubwa. Barabara ya ubavuni hukutana na kila kijito kinachoteremka kuuingia mto, na kila kijito kimechimba bonde lake dogo. Utashuka, utavuka, utapanda. Utashuka, utavuka, utapanda. Mwisho wa siku utakuwa umepanda mlima mzima, na ukiitazama ramani huoni mlima wowote. Barabara ya sakafuni huvuka vijito hivyohivyo mahali ambapo vimeshatulia.

Kisha tafuta ng'ambo. Katika mabonde mengi barabara kuu imechukua ukingo mmoja wa mto, na ule wa pili umebaki na barabara ndogo ya mashamba. Kwenye bonde la Wachau nchini Austria, kwa mfano, ukingo wa kusini ndio mtulivu zaidi, na mwenye haraka na gari lake yuko kaskazini. Ujanja huu unagoma pale bonde linapobana sana. Kwenye korongo la mto Rhine, kati ya Bingen na Koblenz, kila ukingo una reli yake na barabara kuu yake, na hakuna ng'ambo ya kukimbilia. Panapobana namna hiyo, kuna njia ya baiskeli iliyotengwa au hakuna. Hakikisha kabla hujatoka.

Ukichagua ng'ambo, hesabu madaraja na vivuko. Ziandike kilomita zake kwenye karatasi au kwenye simu. Daraja ndilo mlango wako wa kutokea mvua ikinyesha, mtu akiumia au baiskeli ikiharibika, na nimeona mabonde ambayo kutoka daraja moja hadi jingine ni mwendo wa saa nzima. Kivuko kina saa zake za kufanya kazi, na mto ukijaa hakifanyi kazi kabisa.

Jambo moja zaidi kuhusu programu za kupanga njia. Zikikuchorea mchoro wa miinuko, usiogope kila kilele unachokiona. Programu hizo huchukua urefu wa ardhi ulio juu ya ramani, hivyo njia inapopita ndani ya handaki, mchoro huonyesha mlima ulio juu ya handaki, na inapopita kwenye daraja refu, huonyesha shimo lililo chini yake. Kilele chembamba kama sindano katikati ya njia ya reli ya zamani karibu kila mara ni handaki.

Hatua ya 3: Tafuta reli zilizokufa na mifereji iliyochoka

Hapa ndipo penye hazina.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo. Treni nzito ikikutana na mwinuko mkali, magurudumu huteleza. Kwa sababu hiyo wahandisi wa reli walikata vilima, walijaza mabonde na walizunguka kona kubwa, ili mwinuko usizidi mita 1 au 2 kwa kila mita 100. Reli ikifungwa na vyuma vikang'olewa, linabaki tuta pana, lenye mitaro yake na madaraja yake, lisilokutana na barabara za magari mara kwa mara. Ni kama vile walimjengea mwendesha baiskeli miaka mia moja kabla hajazaliwa.

Mifano ipo ya kutosha. Nchini Uingereza, njia ya Bristol hadi Bath, yenye urefu wa kilomita 21, ilijengwa juu ya tuta la reli kati ya 1979 na 1986. Kule Missouri, Marekani, Katy Trail ina takriban kilomita 386, na sehemu kubwa yake inaambaa kando ya mto Missouri, chini ya majabali. New Zealand ina Otago Central Rail Trail, kilomita 152, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2000. Na iko Great Allegheny Passage, kilomita 240 kati ya Pittsburgh na Cumberland, Marekani, ambayo inavuka mgongo wa milima ya Appalachia kwenye mwinuko wa mita 729 bila kuzidi asilimia 1.75 popote. Mtu mzima na baiskeli yake, tuseme kilo 85 kwa pamoja, kwenye kipande kikali kuliko vyote cha njia hiyo anarudishwa nyuma kwa nguvu ya kilo moja na nusu tu. Linganisha na kilima cha kawaida cha asilimia 8, ambapo anarudishwa na karibu kilo 7.

Mifereji ni tambarare kuliko reli, kwa sababu maji ndani yake yamesimama. Kando yake kuna njia ambayo farasi walipita wakivuta mashua kwa kamba. Utapanda tu pale penye malango ya maji yanayopandisha na kushusha mashua, mita chache kwa mara moja, kisha tambarare tena. Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, iliyochimbwa kati ya 1666 na 1681, ina kilomita 240. C&O Canal, inayoanzia Washington na kufuata mto Potomac, ina kilomita 297, na mwishoni mwake inakutana na ile Great Allegheny Passage pale Cumberland. Mto, mfereji na reli, kimoja kinakukabidhi kwa kingine.

Kwenye ramani, reli iliyokufa hutambulika kwa mstari wenye kona pana sana unaokata mashamba, ukipita katikati ya mipaka bila kuijali. Kwenye picha za setilaiti huonekana kama safu ya miti iliyonyooka. Lakini kuonekana si ruhusa. Matuta mengine yameuzwa kwa wenye mashamba, na madaraja mengine yalivunjwa zamani. Hakikisha njia iko wazi kwa umma kabla ya kuipangia safari.

Hatua ya 4: Peleleza lami

Njia ya kando ya mto si lazima iwe na lami. Baadhi ya hizo nilizozitaja, Katy Trail na Great Allegheny Passage zikiwemo, zimetandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Ikiwa kavu hupitika vizuri kwa tairi la milimita 32 na kuendelea. Ikilowa hunata kwenye mnyororo na breki, na mwendo wako hupungua kama vile mtu amekushika nyuma.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huandika aina ya uso wa njia pale ambapo watu wamejitolea kuiandika. Bonyeza kipande kwa kipande. Pale ambapo hakuna maelezo, tafuta picha za wapita njia, na uangalie tarehe yake: njia ya kando ya mto iliyopigwa picha kabla ya mafuriko si njia ileile.

Na lami yenyewe ina maadui wake. Mizizi ya miti hutafuta maji, huinua lami, na kuacha matuta madogo yanayokatiza njia. Kando ya mifereji yenye miti mikubwa hali hii ni ya kawaida. Gurudumu la mbele huyavumilia, kiuno hakiyavumilii. Inuka kidogo kwenye kiti, kunja viwiko, acha baiskeli icheze chini yako.

Hatua ya 5: Panga mwelekeo kwa upepo

Karibu kila anayeanza huniambia ataendesha kufuata maji, "kwa sababu ni mteremko." Tupige hesabu. Kwenye Danube, ule mteremko wa sentimita 40 kwa kilomita unamsukuma yule mtu wa kilo 85 kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 34. Ni pungufu ya yai moja la kuku.

Sasa weka upepo. Ukienda kilomita 18 kwa saa siku isiyo na upepo, hewa inakupinga kwa kiasi fulani. Ukija upepo wa usoni wenye kasi hiyohiyo, hewa inakupita kwa kasi maradufu, na upinzani wake unakuwa mara 4. Utahisi unapanda mlima usioisha, kwenye ardhi bapa, mahali pasipo na kichaka cha kujikinga. Mabonde huongeza tatizo hili, kwa kuwa upepo hupenda kukimbia ndani yake kama ndani ya bomba. Wengi wanaopita Danube hutoka magharibi kwenda mashariki, na upepo wa kawaida wa huko, utokao magharibi, huwasaidia kuliko maji.

Kwa hiyo, safari ikiwa ya kwenda tu, fuata upepo na urudi kwa treni. Mabonde mengi yenye mito mikubwa yana reli hai. Uliza mapema kama treni hiyo inapokea baiskeli. Safari ikiwa ya kwenda na kurudi, anza kwa kukabili upepo ukiwa na nguvu, urudi ukiwa umeupa mgongo. Mimi niliwahi kufanya kinyume chake. Nilitoka asubuhi nikidhani nimepata nguvu mpya miguuni, nikaenda mbali kuliko nilivyopanga, na nilipogeuka ndipo nikajua kwamba nguvu ile ilikuwa ya upepo. Kilomita 30 za kurudi zilinichukua karibu saa tatu. Tangu siku hiyo, nikiona ninakwenda kwa wepesi nisioutarajia, nasimama na kutazama majani ya miti.

Kwenye mabonde yaliyozungukwa na milima kuna siri nyingine. Siku ya jua, upepo hupanda bonde kuanzia kama saa nne au saa tano asubuhi, kwa sababu jua limezipasha joto kuta za milima na hewa inapanda. Usiku na alfajiri hugeuka, hewa baridi ikateremka. Basi toka alfajiri kuelekea chini pamoja na hewa hiyo, pumzika mchana, kisha rudi alasiri upepo ukikusukuma juu. Siku ikienda hivyo, utapata upepo wa mgongoni kwenda na kurudi, na hakuna raha ya baiskeli inayoipita hiyo.

Hatua ya 6: Chagua saa

Njia zisizo na magari na barabara ndogo za mashambani zina kalenda zinazopingana. Asubuhi ya siku za mapumziko barabara ndogo huwa tupu, lakini njia maalumu hujaa watoto, mbwa na watembea kwa miguu kuanzia saa tatu. Siku za kazi ni kinyume: njia maalumu ni yako peke yako, na barabara ndogo ina watu wanaowahi kazini. Panga kwa kufuata hilo.

Alfajiri bondeni kuna ukungu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutuama chini. Washa taa zote mbili hata kama jua limeshachomoza juu ya kilima. Vaa nguo ya ziada ambayo utaivua, kwani bondeni huwa baridi kuliko ubavuni.

Baada ya mvua kubwa, subiri siku kadhaa. Sehemu za kwanza kufurika ni pale njia inapopita chini ya daraja la barabara, na maji yakipungua huacha tope laini lenye rangi ileile ya lami. Huioni hadi umekwisha lala chini.

Hatua ya 7: Andaa baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mbio. Unahitaji baiskeli inayokutosha. Urefu wa kiti upime hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa lami peke yake, tairi za milimita 28 hadi 32 zinafaa. Kwa njia inayochanganya lami na changarawe, chukua 35 hadi 40. Usizijaze hadi ziwe ngumu kama jiwe. Tairi pana lenye upepo wa wastani hupita juu ya mikwaruzo ya lami bila kukutikisa, na mikono itakushukuru. Kiwango cha juu na cha chini kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Breki, mnyororo uliopakwa mafuta na kupanguswa, kengele, taa. Madigadi ni lazima kwa njia za kando ya maji, na kama mnaenda wengi, yule wa nyuma yako atakubariki.

Mzigo uwe mdogo: tyubu ya akiba ya saizi yako, vijiti viwili vya kubandulia tairi, viraka na gundi, pampu, spana za nyota zinazoingia kwenye skrubu zako, maji, na chakula kikavu kisichoyeyuka juani. Funga kwenye keria au kwenye fremu. Mgongoni hutoa jasho na huchosha mabega. Ukipata pancha, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi kuutafuta mwiba. Anayeruka hatua hii hupata pancha ya pili ndani ya kilomita moja.

Hatua ya 8: Jifunze kunyonga kwenye tambarare

Watu hudhani tambarare ni rahisi. Ni rahisi kwa mapafu, lakini ina uchovu wake ambao mlima hauna. Mlimani unapanda, unasimama juu ya pedali, unafika kileleni, unaserereka bila kukanyaga na kila kiungo kinapumua. Tambarare haikupi mapumziko hayo. Unakanyaga saa nzima ukiwa umekaa vilevile, mikono palepale, na damu haipiti vizuri pale ulipokalia.

Dawa yake ni kujitengenezea milima. Kila baada ya dakika 10 au 15 panda gia moja nzito, simama juu ya pedali, hesabu mizunguko 20, kaa tena. Badilisha mahali unaposhika usukani kabla vidole havijafa ganzi. Legeza mabega, ukiona yamepanda karibu na masikio, yashushe.

Gia iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Lenga miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Anayesukuma gia nzito taratibu hujiona ana nguvu kwa saa ya kwanza, na magoti yake humjibu saa ya tatu.

Kunywa kabla ya kiu, takriban nusu lita kwa saa, na zaidi kukiwa na joto. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kidogo kidogo ungali na nguvu.

Hatua ya 9: Kaa vizuri na wenye njia

Kwenye njia isiyo na magari, chombo cha hatari ni wewe. Likumbuke hilo kila unapomwona mzee anayetembea na fimbo yake mbele yako.

Piga kengele mapema, mita 30 hivi kabla ya kumfikia mtu, mara moja na kwa upole, kisha punguza mwendo na usubiri akuone. Kengele ya mgongoni kabisa humshtua mtu, na mtu aliyeshtuka huruka upande ule ule unaotaka kupita. Msalimie. Ukiona mtoto, chukulia kwamba atakatiza njia. Ukiona mbwa na mwenyewe wako pande mbili za njia, chukulia kwamba kati yao kuna kamba.

Farasi wana sheria yao. Usipige kengele karibu yao. Ongea, kwa sauti ya kawaida, ili farasi ajue wewe ni binadamu. Subiri mpandaji akuruhusu, pita mbali na polepole. Mkiwa kundi, piteni mmoja nyuma ya mwingine.

Masikio yabaki wazi. Muziki wa masikioni unakunyima sauti ya mwenzako anayetaka kukupita, na unakunyima mto.

Hatua ya 10: Zijue hatari zake

Magari yakiondoka, hatari nyingine hubaki, na kila moja ina namna yake ya kuikabili.

Nguzo fupi za kuzuia magari huwekwa katikati ya njia, penye kila makutano. Kwenye kundi, wa mbele anaiona, anaikwepa, na wa nyuma anaigonga. Wa mbele atamke "nguzo!" kila mara, hata kama imeonekana na wote.

Makutano na barabara ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa umeshazoea amani. Simama kabisa, weka mguu chini, tazama pande zote.

Madaraja ya mbao yakilowa huteleza kama sabuni. Usipige breki wala kukata kona juu yake; punguza mwendo kabla ya kuingia. Vyuma vya reli na vyuma vya kuzuia mifugo vivuke kwa pembe mraba, usukani ukiwa umenyooka.

Mahandaki yanastahili heshima. Combe Down, karibu na Bath, ina urefu wa mita 1,672 na ilifunguliwa kwa baiskeli mwaka 2013. Big Savage, kwenye Great Allegheny Passage, ina takriban kilomita 1, na hufungwa majira ya baridi. Paw Paw, kwenye C&O Canal, ni fupi kidogo kuliko hapo, lakini ndani yake njia ni nyembamba, na baiskeli husukumwa kwa mkono. Kabla ya kuingia handaki lolote simama, vua miwani ya jua, washa taa, vaa nguo ya baridi. Macho huchukua muda kuzoea giza, na hayawezi kuharakishwa.

Hatua ya 11: Safari yako ya kwanza

Chagua kipande cha kilomita 12 hadi 15 chenye mwisho unaovutia: daraja, maporomoko madogo, mahali mito miwili inapokutana. Kwenda na kurudi ni kilomita 24 hadi 30, na kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa hazizidi saa mbili za kunyonga. Tenga nusu siku hata hivyo. Utasimama mara nyingi kuliko unavyodhani, kwani mtu asiyehofia gari mgongoni mwake huanza kuona vitu: ndege mvuvi akisubiri juu ya tawi, mstari wa maji ya mafuriko kwenye magome ya miti, mawe ya kilomita ya reli ambayo treni yake haipo tena.

Geuka ukiwa bado unataka kuendelea. Wiki inayofuata ongeza kilomita 10. Ukifikia 60 bila maumivu ya kiti wala ya magoti, uko tayari kwa safari ya siku mbili au tatu, na njia ndefu zitaanza kukuita. EuroVelo 6, kwa mfano, inatoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 4,000 katika nchi 10, na inakwenda sehemu kubwa kando ya Loire, Rhine na Danube.

Na ukirudi kutoka safari hiyo ya kwanza, kabla hujaoga na kusahau, fungua tena ile ramani. Weka alama pale lami ilipokatika, pale mizizi ilipoinua njia, pale penye bomba la maji ya kunywa na pale penye kivuli. Kama kipande fulani kwenye OpenStreetMap hakikuwa na maelezo ya uso wake, sasa umekipita kwa matairi yako mwenyewe; kijaze, ili atakayefuata ajue pana lami au pana changarawe.